Picha za jioni zinatoka kama za majini, niuze kamera ama?

omera_lenzi:
Wadau habari za saa hii. Niko na Canon 1300D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, nilinunua mkononi kwa jamaa wa Kondele mwaka jana na mchana haina shida kabisa, picha safi hadi nimeanza kulipwa kidogo kidogo. Shida ni jioni. Jumamosi nilikuwa kwa ayie (ile sherehe ya Waluo ya kabla ya harusi) ya binamu yangu kule Maseno, wageni walitakiwa kufika saa sita wakafika saa kumi (mnajua venye huwa) kwa hivyo mazungumzo yakaisha giza likiingia, na sehemu yote tamu, zawadi, keki, kina mama kucheza, ikafanyika chini ya tenti na balbu tano za jenereta. Nimepiga picha 340. Za mpaka saa kumi na mbili ziko poa. Za baada ya hapo nimehesabu zenye uso unaoeleweka, kumi na moja!! Shemeji ameziangalia kwa simu akaniuliza hawa ni watu ama ni majini.

Sasa nimeweka elfu 30 kando. Niongeze ninunue zile kamera mpya zisizo na kioo ndani, ama hii yangu sensa (ile sehemu ya ndani inayokamata picha) imechoka? Jamaa mmoja wa duka la kamera ameniambia 1300D ni ya 2016 haiwezi giza, niiuze haraka kabla haijashuka bei zaidi, na bahati nzuri yeye mwenyewe yuko tayari kuinunua.

menengai_juu:
Kaka usiuze kitu. Mtu anakushauri uuze halafu mnunuzi ni yeye? huyo mwogope kama deni. Mimi nafanya harusi huku Nakuru na jibu ni moja tu, fleshi. Si ile ya kuruka juu ya kamera, hiyo inafanya watu wakae kama wamepigwa picha ya kitambulisho, nunua ile ya kuchomeka, igeuze kichwa iangalie paa la tenti, mwanga unarudi umetulia kama wa dirishani. 30 yako inatosha na chenji inabaki. Mengine yote ni hadithi.

nyar_dunga:
@menengai_juu na tenti ikiwa ya bluu je? Nilifanya hivyo kwa harusi moja huku Kisumu bi harusi akatoka kama samaki aliyekaa kwa friji siku tatu. Rangi ya tenti ndio rangi ya mwanga unaorudi, hilo watu hawasemi.

menengai_juu:
Ya bluu unafunga kipande cha manila nyeupe nyuma ya fleshi na mpira wa kufungia noti, mwanga unarushwa mbele badala ya juu. Kila tatizo lina dawa lakini fleshi ni lazima.

fundi_karabai:
Vijana mnaandika dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Omera, picha ikikosa kukaza kuna sababu tatu na kila moja dawa yake ni tofauti. Mkono wako umetikisika, ama mtu mwenyewe amesonga, ama fokasi imekamata kitu kingine. Fungua moja ya hizo mbaya kwa kompyuta, si kwa simu, ikuze mpaka mwisho, halafu usiangalie uso, angalia zile balbu. Balbu ikiwa imekuwa funza, yaani imevutika kamstari, na funza wote wamelala upande mmoja, huo ni mkono wako. Balbu ikiwa nukta safi na kiti cha plastiki kando kimekaza hadi unaona mikwaruzo ya mgongo wake, lakini mama anayecheza ni moshi, basi mama ndiye alisonga na mkono wako hauna kosa. Na balbu ikiwa duara kubwa kama chapati fokasi ilikuwa kwingine, tafuta ni nini kimekaza, mara nyingi utakuta ni nguzo ya tenti.

Ukimaliza utupe namba. Shata (sehemu ya sekunde ambayo kamera inakaa wazi), f (tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ISO (kamera inavyokuza mwanga ilioupata), na milimita za lenzi (umevuta zumu kiasi gani). Zote ziko ndani ya picha yenyewe, bonyeza pale pa maelezo.

Mimi nilianza studio enzi za filamu. Filamu ya 400 ndiyo tuliita ya usiku na 36 zikiisha zimeisha, hakuna kuangalia nyuma ya kamera, kwa hivyo kosa ulilijua siku ya kuosha na mteja amekaa hapo mlangoni. Ilibidi mtu ajue kusoma kosa lake.

omera_lenzi:
Mzee asante sana. Nimefungua kumi. Tisa balbu ni funza, na kati ya hizo tisa kama nne hivi mama pia ni moshi juu ya funza, yaani yote mawili. Moja ndio chapati na ni kweli kilichokaza ni nguzo ya tenti 😅 umejuaje.

Namba karibu zote zinafanana: 1/20, f/5.6, ISO 800, milimita 55. Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti vya wazee nikivuta zumu kwa sababu sikutaka kuwakinga. ISO niliifunga 800 kwa sababu kuna video niliona jamaa akisema ukipita hapo picha inajaa chenga, yaani vile vidoti vidoti, na hakuna mteja atalipa.

isukuti_mdogo:
Hebu angalia mdomoni mwa hiyo lenzi imeandikwa nini. Kuna 18-55 yenye herufi IS na kuna nyingine imeandikwa III bila IS. Ya kwanza ina kifaa ndani cha kutuliza mkono na kaswichi kando, ya pili haina kitu. Mimi nilikaa na yangu mwaka mzima nikiamini ina hicho kifaa kumbe ni ile III, na nilikuwa nashuti 1/15 kwa raha zangu.

omera_lenzi:
III. 😭

fundi_karabai:
Basi tumempata mgonjwa. Sikiliza polepole.

Sensa ya kamera yako ni ndogo kuliko filamu ya zamani, kwa hivyo milimita 55 zinakaa kama 88 (unazidisha mara 1.6). Mkono wa binadamu bila msaada unahitaji shata ya karibu namba hiyo hiyo, 1/90 ama 1/100. Wewe uko 1/20. Hata ungepiga picha ya ukuta ungetoka funza. Na kina mama wanaocheza wanataka zaidi, mtu anayeongea amekaa 1/100 inamshika, anayecheza ni 1/200 kwenda juu.

Sasa utaitoa wapi hiyo shata. Zumu. Lenzi yako ukiivuta mpaka 55 tundu lake linaishia f/5.6, ukiirudisha 24 hivi linafunguka mpaka f/4, na mwanga unaoingia ni mara mbili. Ukiirudisha kabisa 18 ni f/3.5, mara mbili na nusu, lakini 18 ukimkaribia mtu pua inakuwa ya kwanza kufika kwa picha, usiwafanyie kina mama hivyo. Halafu ISO. Kutoka 800 mpaka 3200 ni mara nne. Mbili mara nne ni nane. 1/20 yako inakuwa 1/160, kamera ile ile, lenzi ile ile, tenti ile ile, gharama yake ni kuinuka nyuma ya wazee na kusogea mbele. Unaomba ruhusa, unachuchumaa kando ya meza ya zawadi. Hakuna mzee atakufukuza kwa ayie kama umesalimia.

Na hizo chenga za ISO 3200, sikiza, chenga mteja hazioni. Shemeji yako alisema majini, hakusema chenga. Moshi ni vigumu sana kuuondoa kwa mashine lakini chenga zinaondoka ama zinapungua. Kitu kibaya zaidi ni kupiga kwa 800 picha ikatoka nyeusi halafu uivute iwe nyeupe kwa kompyuta, hapo ndipo chenga zinaota kama magugu, hasa pale penye vivuli. Afadhali 3200 iliyopata mwanga wake sawasawa kuliko 800 ya kuvutwa.

nyar_dunga:
Mzee amesema yote lakini niongeze langu kuhusu lenzi kwa sababu najua omera atainunua tu, sote tulinunua. 50mm ya f/1.8. Mkononi unaipata bei ya chini sana ukilinganisha na kamera mpya, mimi yangu niliuziwa na dada mmoja aliyehamia Nairobi. Ukilinganisha na 5.6 yako inaingiza mwanga karibu mara kumi. Mara kumi!! Ile 1/20 yako inafika 1/200 na bado uko ISO 800.

Lakini hawakwambii upande wa pili. Siku ya kwanza niliiweka f/1.8 nikapiga watoto wa dada yangu mezani usiku, watatu wamepangana, kwa kioo kidogo cha kamera wanapendeza ajabu, nikafungua kwa kompyuta nikakuta sikio la wa kwanza limekaza, macho yake hapana, na wale wawili ni chapati. Ukisimama mita mbili kwa f/1.8, sehemu inayokaza ni kama sentimita 11 tu mbele mpaka nyuma, yaani upana wa kiganja. Mtu akiinama kidogo kucheka ametoka. Mimi sasa situmii 1.8, natumia 2.8 na hiyo inanipa kama sentimita 17, na lenzi yenyewe pia inakaza vizuri ikifungwa kidogo. Watu wawili nawaambia waweke vichwa sambamba. Na kumbuka hiyo 50 inakaa kama 80 kwa kamera yako, ndani ya nyumba ndogo utapiga mgongo kwa ukuta ukitafuta nafasi.

Kama kuna mtu anasoma ana Nikon za chini kama D3500 asinunue 50 ya zamani ile yenye herufi D, haifokasi yenyewe kwa hizo kamera kwa sababu mwilini hakuna mota. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Niliona kijana akilia kwa hilo.

menengai_juu:
Sawa nakubali hesabu ya mzee. Lakini nani anataka ISO 3200 kwa kamera ya 2016 akichapisha A3? Fleshi bado.

fundi_karabai:
Kwa A3 uko sahihi kidogo. Lakini huyu anatuma WhatsApp na kuchapisha za albamu. Na fleshi nayo ina hesabu yake, ile ndogo ya juu ya 1300D nguvu yake ni kama 9, unagawanya kwa f. 9 kwa 5.6 unapata mita 1.6. Yaani kwa ISO 100 inafika mita moja na nusu na kitu halafu inachoka, mtu amesimama mita sita anaiwasha akidhani inasaidia, inamulika tu vichwa vya wazee wa mbele. Ukipandisha ISO mpaka 1600 inafika mara nne mbali. Kwa hivyo hata wewe wa fleshi, ISO utaipandisha.

menengai_juu:
😂😂 haya mzee.

omera_lenzi:
Nimejaribu leo usiku kwa nyumba. Nimeweka M (ile ya kupanga kila kitu mwenyewe), f/4, milimita 24, ISO 3200, shata 1/200, mtoto anaruka juu ya kochi. WADAU. Nimeona kope za mtoto. Kwa kamera hii hii ambayo nilikuwa niiuze.

Lakini kuna kitu kipya, kwa picha nyingine kuna mistari, sehemu ya juu ina giza na rangi ya chungwa, katikati nyeupe, chini tena giza, kama mtu amefunika leso. Nikipiga tena inahama. Sensa hiyo sasa imekufa kweli ama?

isukuti_mdogo:
Balbu yako ni ya LED ya bei rahisi?

omera_lenzi:
Ya duka la hapa mtaani, ndio.

nyar_dunga:
Hiyo si sensa, ni stima. Umeme wetu Kenya unaenda mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, mara mbili kwa kila mzunguko. Jicho halioni. Lakini shata ikiwa ya haraka inapita juu ya sensa kama pazia lenye mwanya, kwa hivyo sehemu moja ya picha imekula mwanga balbu ikiwa juu na nyingine imekula balbu imefifia. Dawa ni kuweka shata 1/100 ama 1/50, hapo kila sehemu inapata kuwaka na kufifia kote kwa balbu na mistari inaisha. Balbu nzuri hazifanyi hivyo sana, hizi za mtaani zinafanya. Kwa jenereta ndogo ni shida zaidi kwa sababu mwendo wake unapanda na kushuka, DJ akiongeza besi unasikia jenereta inalia na balbu zinabadilika, hapo jaribu 1/100 na ukiona bado, shuka 1/80.

omera_lenzi:
Sasa mzee anasema 1/200 ya kina mama wanaocheza na wewe unasema 1/100 ya balbu. Nifuate nani?

fundi_karabai:
Mfuate huyo binti, balbu haibembelezwi. Halafu kwa kina mama tumia jicho. Mtu anayecheza hasongi wakati wote. Akirusha mkono juu kuna nukta unafika mwisho, kabla ya kurudi, unasimama kidogo. Anayecheza mabega, bega likifika juu linasimama. Mwimbaji akishika noti ndefu kichwa kinatulia. Hesabu mdundo kichwani, utakuta unajua sekunde moja kabla. Hapo hata 1/100 inamshika. Tena piga tatu mfululizo ukishikilia kitufe, ya kwanza kidole kinasukuma kamera, ya pili ama ya tatu ndiyo hukaza. Na viwiko vikae mbavuni, si hewani kama unaendesha matatu.

Na fokasi achana na hizo nukta tisa zote zikiwaka zenyewe, ndiyo maana ilikamata nguzo. Chagua ile ya katikati peke yake, kwa hiyo kamera ndiyo yenye nguvu zaidi gizani. Ielekeze mahali penye mpaka wa rangi mbili, kola nyeupe kwa shingo, ukingo wa miwani, si shavu tupu. Shavu tupu gizani inazunguka inatafuta mpaka keki imeliwa.

isukuti_mdogo:
Samahani kuingilia uzi wa mtu lakini mnisaidie na mimi. Giza langu ni la mchana 😂 Niko Kakamega na napenda kuingia msituni kupiga mbega, na chini ya ile miti mikubwa saa tano asubuhi kunakaa kama saa kumi na mbili jioni. Lenzi yangu ni 75-300 haina kutuliza mkono, ikivutwa mwisho ni f/5.6. Hapo hakuna kusogea mbele, mbega yuko juu mita ishirini.

fundi_karabai:
300 mara 1.6 ni 480, unataka 1/500 kwa mkono mtupu, na msituni kwa ISO 3200 hupati hiyo ila kwenye upenyo. Kwa hivyo usitumie mkono mtupu. Chukua mfuko wa kitambaa, jaza maharagwe kilo mbili, uweke juu ya tawi ama jiwe ama mlango wa gari, lenzi ilale juu yake kama mtoto. Unaweza kushuka 1/125 na ukapata, mradi mbega amekaa anakula. Usivute mpaka 300, hizo lenzi pale mwisho zinalegea hata mchana, simama 200. Na maharagwe jioni unapika.

nyar_dunga:
Maharagwe niliyotumia mimi yaliota 😂 nilisahau mfuko kwa mashua.

Nikishasema mashua, kuna mtu aliniuliza inboksi kuhusu zile picha za taa za omena zikionekana kutoka Dunga, nijibu hapa. Zile usiku zisizo na mbalamwezi, wavuvi wakitoka unaona taa zimepangana juu ya Nam Lolwe (Ziwa Victoria) kama mji mwingine umejengwa majini (zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi ni taa za sola). Kila mtu anafikiria tripodi, aweke sekunde 30, amalize. Nilifanya hivyo. Nchi kavu ilikaza vizuri, gati imekaza, mapapai ya maji yamekaza, lakini kila taa ilikuwa funza mnene anacheza kwa sababu mashua inapanda na kushuka na wimbi. Tripodi inashika kamera, haishiki ziwa. Kwa hivyo nikarudi na 50 yangu kwa f/2, ISO 3200, sekunde moja tu, na saa ya kamera ya sekunde mbili ili kidole kisiguse. Taa zikawa taa. Fokasi niliweka ya mkono, unawasha kioo cha nyuma, unakuza taa moja ya mbali mara kumi, unazungusha mpaka inakuwa ndogo kabisa, halafu huigusi tena.

Na mtoe ile filta ya kioo ya bei rahisi mbele ya lenzi! Usiku ndiyo inaleta vile vitaa vya kijani upande wa pili wa picha. Nilidhani ni mashua ingine.

menengai_juu:
Mapapai ya maji ndio nini

nyar_dunga:
Magugu maji. Kosa la simu, mnisamehe.

menengai_juu:
Nilikuwa nishapanga kuja kuyala 😂

omera_lenzi:
Nimerudi na ripoti, ni ndefu.

Ijumaa kulikuwa na mkesha wa kwaya huko Ahero, kanisa la mabati, ukumbi mrefu, balbu sita zimening'inia juu sana karibu na paa, na mbele pale wanaposimama waimbaji kuna moja tu. Nilifika mapema saa kumi na moja kwa sababu ya yale ya Maseno. Mnajua pale Maseno ndipo ikweta inapita, na mzee mmoja siku ile aliniambia huku kwetu jua haliagi, linaanguka, ukigeuka kuchukua soda giza limeingia. Ni kweli, nimepima, jua likizama una dakika ishirini na kitu halafu kwisha. Zile dakika ishirini nimezitumia kuwapiga waimbaji nje mmoja mmoja wakiwa na joho, wakiangalia upande wa magharibi, ISO 400 tu. Hizo hata menengai achapishe A3.

Ndani nikapima, kwa f/4, ISO 3200, kamera inaniambia 1/25. Nikajua leo ni funza tena. Nikamtafuta kijana wa umeme nikamuuliza kama hiyo balbu ya mbele inaweza kushuka. Akaangalia kamba akasema iko na urefu, imefungwa tu juu. Ilikuwa kama mita nne kutoka vichwa vyao, akaishusha ikawa kama mita mbili, akaivuta na kando kidogo isikae juu ya utosi kabisa. Nikapima tena. 1/100!! Yaani mara nne, na sijanunua kitu, nimemnunulia yeye soda. Sikuamini nikapima tena mara tatu.

fundi_karabai:
Balbu ikija nusu ya umbali mwanga ni mara nne, ndivyo inavyofanya siku zote. Endelea.

omera_lenzi:
Na ilivyokaa kando nyuso zikapata kivuli upande mmoja, zikawa na umbo, si kama zile za Maseno macho ni mashimo meusi. Mistari haikuweko kwa sababu ni 1/100. Nimepiga 260. Nimetupa kama 90, nyingi ni watu walisonga na chache ni mimi kuchelewa na mdundo. Funza nimepata kwa sita tu. Chapati mbili. Kuna moja ya mwimbaji mkuu ameshika noti amefunga macho, unaona jasho limesimama juu ya mdomo wa juu, halijadondoka.

Nimepiga RAW (faili ghafi ya kamera) nikasafisha chenga na programu ya darktable kwa sababu ni ya bure, kompyuta yangu ililia kama ile jenereta lakini ilimaliza. Sikuzisafisha sana, nilijaribu kuvuta yote mtu akatoka kama nta.

isukuti_mdogo:
Na elfu 30?

omera_lenzi:
Ile 50 nitanunua mwezi ujao nikiona ya mkononi isiyo na ukungu ndani. Zilizobaki shemeji amezikopa, amesema ni fidia ya majini.

menengai_juu:
Mimi nimeshusha balbu jana kwa harusi ya Naivasha, sitasema zaidi.

fundi_karabai:
Nimeziangalia zote ulizoweka. Ile ya 87, mpiga ngoma uso umekaza na mikono yote miwili ni moshi. Umeiweka kwa zile za kutupa?

omera_lenzi:
Nilikuwa nimeiweka huko mzee, mikono imeharibika.

fundi_karabai:
Itoe huko.

omera_lenzi:
Mzee. Nimewatumia kwaya zote na hiyo ikiwemo, wameichagua ndiyo ya kalenda.